Fisi Awavusha Akina Mama

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na ndimi kama zetu na aibu pungufu kidogo kuliko yetu, mvua iligoma katika nchi ya Mbugani. Mawingu yalikuja, yakatazama, yakaenda zao. Nyasi zikawa vumbi, madimbwi yakawa matope, na wakubwa wa nchi wakaanza kusema kwamba hali si mbaya sana. Hapo kila mnyama mwenye akili akajua kwamba hali imekuwa mbaya.

Pembeni mwa kichuguu aliishi Bi Nungu, yule nungunungu mwenye miiba mirefu na subira fupi. Hakuwa mpole, anayemtaka mpole akamtafute kondoo. Mumewe alikwenda kutafuta riziki tangu masika ya mwaka juzi, na mpaka leo anaitafuta. Watoto wake walikuwa wadogo, miiba yao bado laini, na njaa ya mwaka ule iliwakondesha wakawa wanagombania mizizi mikavu ambayo mwaka mwingine wangeichezea tu. Bi Nungu aliwatazama na roho ikamuuma, kisha akawagombeza, maana ndivyo alivyozoea kupenda.

Kilichobaki cha kutegemea kilikuwa michembe. Wakati wa neema Bi Nungu na wenzake, yaani Kanga, Kindi na mke wa Ngiri, walichimba viazi vitamu, wakavimenya, wakavikata vipande na kuvianika juu ya miamba mpaka vikawa vikavu na vyepesi kama vibanzi. Hiyo ndiyo michembe. Wangeila wenyewe, ingekwisha kabla ya mvua kurudi. Lakini ng'ambo ya mto kulikuwa na nchi ya ndovu, wenye mtama wa kumwaga na udongo wa mfinyanzi usiokubali kiazi. Na ndovu, kwa ukubwa wao wote, wanapenda kitu kitamu kama watoto. Tenga moja la michembe likivuka, yanarudi matenga kadhaa ya mtama. Hesabu hiyo Bi Nungu aliijua, na mama yake aliijua kabla yake.

Tena alikuwa na desturi yake ya kupakia. Wauzaji wengi wa dunia hii, tunawajua, huweka mazuri juu na takataka chini. Bi Nungu alipanga kinyume. Michembe ya kawaida aliiweka juu, ile minene na mitamu akaizamisha chini kabisa, kisha akashona mdomo wa tenga kwa mwiba wake. Kanga aliwahi kumuuliza sababu.

"Mlaji anaanzia juu na kumalizia chini," alijibu Bi Nungu. "Utamu wa mwisho ndio utakaomrudisha kwangu."

Ndovu nao walizoea. Tenga la kutoka Mbugani likifika, walilipindua chini juu, na mwenye mali akala mbele yao kwanza, kutoka kule chini. Wakishamwona ametafuna na kumeza, wanapima mtama wao bila maneno mengi.

Habari hiyo ikamfikia Simba. Simba hakuwa na roho mbaya, ila alikuwa na maradhi ya wafalme: jambo jema likifanyika nchini bila yeye kulianzisha, hapati usingizi.

"Wanawake wanavuka mto na mizigo," alisema, "na hakuna aliyeniambia?"

Wakamwambia kwamba wamekuwa wakivuka tangu enzi za babu yake. Hilo likamkasirisha zaidi. Siku hiyohiyo akanguruma amri: mzigo wa mwanamke hautavuka mto mpaka apatikane dume wa kumdhamini. Bi Nungu alipanda mpaka kwenye mwamba wa Simba kuuliza maana yake.

"Ni kwa usalama wenu," alisema Simba.

"Usalama kutokana na nini, Mheshimiwa?"

"Kutokana na mto."

"Mto umekauka, Mheshimiwa. Maji hayafiki magotini mwa Kanga."

"Basi ni kwa ajili ya siku utakapojaa," alisema Simba, akageuza shingo upande wa pili, ambayo ndiyo njia ya wafalme ya kumwambia mtu kwaheri.

Michembe ikabaki huku, mtama ukabaki kule, na njaa ikatembea katikati bila kudhaminiwa na mtu. Kilio cha watoto kikakua mpaka kikamfikia Simba na kumharibia usingizi wake wa mchana. Hapo akaamua kuwasaidia akina mama. Hakuondoa amri yake. Mfalme haondoi amri. Aliunda mradi. Mradi ukaitwa Mama Vuka, na mratibu wake, dume wa kuwadhamini akina mama wote kwa mpigo mmoja, akawa Fisi.

Mnauliza kwa nini Fisi? Kwa sababu aliomba. Fisi hakuwahi kuuza kitu maishani mwake. Biashara aliyoijua ilikuwa ya kufuata harufu. Lakini alipokwenda kuomba kazi aliwalilia akina mama kwa uchungu mkubwa, na alipotajiwa viazi vitamu mate yakamtoka, Simba akadhani nayo ni machozi.

Mradi ukaanza kwa semina, kama miradi ianzavyo. Akina mama waliitwa uwanjani mbele ya mwamba wa Simba, kila mmoja akapewa kofia ya majani ya mgomba. Kofia ya Kanga ilikataa kukaa kwa sababu ya kishungi chake. Ya Bi Nungu ilikaa sana: miiba iliitoboa ikatokea juu, na hakuna aliyeweza kuivua. Akashinda nayo siku nzima, uso umekunjamana, akionekana kama bustani iliyokasirika.

Mtaalamu alikuwa Sungura. Sungura anajua kila kitu, na asichokijua anakisema kwa sauti kubwa zaidi.

"Soko," alianza, "ni mahali ambapo muuzaji hukutana na mnunuzi. Semeni wote: soko."

Mke wa Ngiri, ambaye alijifungua mtoto wake wa kwanza sokoni na kuuza mzigo wake uleule mchana, akasema soko.

"Mteja," aliendelea Sungura, "ni mfalme."

Simba akakohoa.

"Namaanisha mteja ni mtu muhimu baada ya mfalme," alisema Sungura haraka, na Simba akatulia.

Bi Nungu akanyoosha mkono. "Bwana Mratibu, hawa ndovu wana desturi yao ya kununua."

"Maswali mwishoni, mama," alisema Fisi.

"Hili si swali. Nataka kuwaeleza kitu."

"Na maelezo pia mwishoni. Sasa tunawajengea uwezo."

Chakula kikaja. Fisi akatangaza kwamba mratibu lazima aonje kwanza, kwa usalama wa washiriki. Akaonja sufuria ya maharage mpaka chini, akasema hana uhakika bado, akaonja na ya ugali. Akina mama wakaambiwa kwamba chakula kilikuwa salama. Baada ya hapo Simba alisimama katikati yao ili watazamwe pamoja, akasema leo amemwinua mama, akaketi kwenye kiti pekee kilichokuwepo.

Bi Nungu akanyoosha mkono tena.

"Muda umetutupa mkono, mama yangu," alisema Fisi huku akijilamba. "Tumesema maswali mwishoni."

"Mwisho wa nini? Semina si ndiyo imekwisha?"

"Mwisho wa mradi."

Bi Nungu akashusha mkono. Kuna wanyama wakinyamazishwa wanasahau walichotaka kusema. Nungunungu si mmoja wao.

Hatua iliyofuata ilikuwa ukaguzi wa ubora. Fisi alipita nyumba kwa nyumba akiwataka akina mama wapeleke michembe yao yote pangoni kwake, ili ikaguliwe kabla ya kuvuka.

"Itakaa huko mpaka lini?" aliuliza Kanga.

"Mpaka ubora uonekane."

"Na watoto wetu wale nini wakati ubora unatafutwa?"

Fisi akacheka kile kicheko chake kirefu. "Mama Kanga, mfanyabiashara wa kimataifa haangalii tumbo. Anaangalia mbali."

Wangefanyaje? Bila dhamana ya Fisi mzigo hauvuki, na bila mzigo kuvuka hakuna mtama. Wakapeleka. Kindi alitoa hata ile aliyoificha kwenye mti akasahau, akakumbushwa na watoto. Bi Nungu naye alipeleka, ila tenga moja dogo alilirudisha shimoni na kulifunika kwa udongo. Hakuwa na imani na mtu anayecheka kabla ya mzaha.

Yaliyotokea pangoni alikuja kuyasikia baadaye kwa Sungura, ambaye siri kwake ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Fisi alianza kukagua kwa pua. Pua haikuridhika, akakagua kwa ulimi. Alitoboa tenga la kwanza kwa chini ili mdomo ubaki na mshono wake, akakuta ile michembe minene, mitamu, akasahau alipokuwa. Alipokumbuka, tenga lilikuwa limebaki na tabaka jembamba la juu tu. Akaenda kwenye la pili kulinganisha. Alilinganisha mpaka matenga yote yakawa hivyo, na ndipo akamwita Sungura kwa ushauri.

"Jaza mchanga chini, ziba kwa majani," alisema Sungura. "Duniani kote mnunuzi anatazama juu."

"Una hakika?"

"Mimi si mtaalamu?"

Siku ya safari ikafika. Akina mama walikuja kivukoni wameoga kwa vumbi, maana maji hayakuwepo, na Kanga alikuwa amejipaka madoa yake upya. Fisi akasimama juu ya jiwe.

"Akina mama," alisema, "tumetafakari tukaona safari hii ni ngumu kwenu. Njia ina mawe, ugenini kuna mambo. Mimi nitavuka kwa niaba yenu."

"Na matenga nani atabeba?" aliuliza mke wa Ngiri.

"Nyinyi," alisema Fisi. "Kubeba si safari. Kubeba ni kubeba."

Kwa hiyo akina mama, ambao safari ilikuwa ngumu kwao, wakajitwika matenga yao wenyewe, na Fisi, ambaye alikuwa anawavusha, akatembea mbele mikono mitupu akilalamikia jua. Bi Nungu alibeba mawili: lile la mradi kichwani, na lile lake la shimoni amelifunga kiunoni.

"Hilo dogo ni la nini?" aliuliza Fisi.

"Masurufu yangu ya njiani."

Fisi alilitamani, akanyoosha mkono, akakutana na mwiba, akaacha.

Hawakwenda mbali Bi Nungu akahisi jambo. Shingo yake ilikuwa imebeba michembe maisha yake yote, na michembe mikavu haielemei hivi. Akapunguza mwendo, akainamisha tenga kidogo. Mchirizi wa mchanga ukamdondokea puani. Akageuka kumtazama Kanga, na Kanga alikuwa tayari ameuona wa kwake. Kanga akafungua mdomo. Nyote mnajua kelele ya kanga ilivyo; angeamsha nchi nzima. Bi Nungu akamchoma mwiba ubavuni, na mdomo ukafungika.

"Ametuibia," alinong'ona Kanga, macho yamejaa machozi. "Nungu, ameiba chakula cha wanangu. Turudi tukamwambie Simba."

"Simba ataunda kamati," alisema Bi Nungu, "na mwenyekiti wa kamati atakuwa Fisi."

"Basi tutupe huu mchanga tumkamate sisi wenyewe."

"Tukishamkamata tutakula nini? Huku hatuna kitu, Kanga. Kila tulichokuwa nacho kimo tumboni mwake."

Bi Nungu alikuwa na mambo mawili ya kuhofia. Michembe kuliwa lilikuwa jambo moja. Lingine, ambalo lilimtisha zaidi, lilikuwa kwamba mchanga huu unakwenda kwa ndovu kwa jina la akina mama wa Mbugani. Jina hilo mama yake alilijenga tenga kwa tenga. Ndovu wakilifunua tenga lao na kukuta mchanga, hawatasahau; ndovu hasahau. Mwaka huu hakuna mtama, mwakani hakuna, na watoto watakaobaki hawatakuwa na mtu wa kumuuzia hata mvua ikirudi. Alitembea hatua kadhaa, miiba imesimama. Kisha ikalala. Akakaza mwendo mpaka akamfikia Fisi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akatoa sauti tamu.

"Bwana Mratibu, samahani. Tukifika tuwaambie mali hii ni ya nani?"

"Ya mradi."

"Ndovu hawanunui kwa mradi, bwana. Watauliza mwenye mali ni nani. Mwenye mali ndiye anayepewa mtama mkononi."

Fisi akasimama. "Mkononi?"

"Mkononi. Nasi tumefikiri, sisi ni wabebaji tu."

Fisi aliwaza kidogo, kwa tumbo, kama kawaida yake. "Kweli kabisa," alisema. "Basi waambieni ni yangu. Iitwe Michembe ya Fisi na Wanawe."

"Uliilima wewe?"

"Niliilima mimi."

"Na kuipakia? Huwa wanauliza sana nani alipakia."

"Kwa mikono yangu hii miwili."

"Utawaambia mwenyewe, bwana? Sisi watatudhania waongo."

"Nitawaapia," alisema Fisi, akatabasamu na kuona jinsi semina yake ilivyomstaarabisha mama huyu. Walipoanza kukanyaga mchanga wa mto mkavu, roho ikamtekenya kidogo. "Hivi, Bi Nungu, kuna jambo lolote nipaswalo kujua kuhusu hawa ndovu?"

"Nilitaka kulisema kwenye semina," alijibu Bi Nungu, "ukaniambia maswali mwishoni."

"Ni kweli," alisema Fisi, akacheka. "Utaratibu ni utaratibu."

Wakavuka.

Soko la ndovu lilikuwa uwanja mpana uliokanyagwa ukawa mgumu kama sakafu. Vihenge vya mtama vilisimama pembeni, vimejaa mpaka vimepasuka ubavu, na watoto wa ndovu walikuwa wanachezea nafaka. Kanga alipoona hivyo ilimbidi aangalie chini. Mnunuzi mkuu alikuwa Bi Ndovu, mwanamke mpana, wa maneno machache, ambaye mkonga wake ulipita juu ya matenga ukinusa moja baada ya jingine, ukasita, ukarudi.

"Nungu," alisema. "Mmepotea. Tulidhani mmetuchoka."

"Hatujawachoka, mama. Ila leo mimi mbebaji tu. Mwenye mali ni huyu bwana."

Bi Ndovu akamtazama Fisi kuanzia masikio mpaka mkia. "Umelima wewe?"

"Mimi na wanangu."

"Umepakia wewe?"

"Kwa mikono yangu miwili. Mwanamke hakugusa." Fisi aliongeza hilo kwa hiari yake, hakuna aliyemwomba.

"Huku kwetu mwenye mali mgeni anaapa," alisema Bi Ndovu. "Anasema hivi: mali yangu ikiwa mbaya, niile mimi mwenyewe, yote, mbele ya soko."

Fisi alidhani hakusikia vizuri. Katika nchi yake viapo vilikuwa vya kupigwa na radi au kuzikwa hai. Hapa walimtisha mtu kwa chakula. Aliona kwamba ndovu ni watu wema, tena wajinga kidogo.

"Mali yangu ikiwa mbaya," aliapa kwa sauti, mkono kifuani, "niile mimi mwenyewe, yote, mbele ya soko. Na nisibakishe."

"Umesema nisibakishe," alisema Bi Ndovu.

"Nimesema."

Bi Ndovu akalishika tenga la kwanza kwa mkonga, akalipindua chini juu, akaling'oa tako, akalimwaga.

Mchanga ulitoka kwanza kidogo, kisha ukatoka kwa wingi, ukajimwaga miguuni mwa Fisi ukafanya kilima. Juu ya kilima vikaja vipande vichache vya michembe. Bi Ndovu akapindua la pili, akapindua la tatu, na kilima kikakua. Akaendelea mpaka akafika la mwisho.

"Kula," alisema.

"Mama, kuna makosa," alisema Fisi, na sauti yake sasa ilikuwa nyembamba. "Mali hii si yangu kwa maana hiyo. Ni ya hawa akina mama. Wao ndio waliopakia. Mimi ni mratibu tu."

"Mwanamke hakugusa," alisema Bi Ndovu. "Ni maneno yako. Kula."

Ndovu wengine wakasogea wakafanya duara. Fisi akatazama kushoto, akaona miguu kama magogo. Akatazama kulia, akaona mingine. Akaanza na michembe iliyokuwa juu, akala upesi, na niseme ukweli, hata katika hali ile aliifurahia. Kisha michembe ikaisha. Akalamba mchanga kidogo, akatazama juu kuona kama inatosha. Haikutosha. Akala. Alikula mpaka tumbo likawa ngoma, akala mpaka tumbo likagusa ardhi, na kila aliposimama Bi Ndovu alimkumbusha neno moja: nisibakishe. Mchanga ule ulishuka wote ukaenda kukaa nyuma. Ndiyo maana hata leo ukimwona fisi anatembea, mbele amesimama na nyuma ameinama, kama mtu anayeburuta gunia.

Akina mama walitazama. Nisingependa kusema kwamba walimhurumia.

Fisi alipomaliza, Bi Ndovu akawageukia wabebaji. "Basi nyinyi mmekuja bure," alisema, na kwa sauti yake ilionekana anasikitika kweli, kwa ajili yao na kwa ajili ya ulimi wake pia.

Bi Nungu akafungua kiuno. Akaweka chini lile tenga dogo, lenye mshono wa mwiba wake. Hakungoja aombwe. Alilipindua mwenyewe chini juu, akatoa kipande cha chini kabisa, kinene na chekundu kama tofali, akakitia kinywani mbele yao wote, akatafuna. Hicho kilikuwa chakula cha mwisho cha watoto wake. Alitafuna, akameza.

Bi Ndovu akachukua cha pili. Akafumba macho.

"Huyu ndiye niliyemzoea," alisema. "Hili tenga ni dogo, Nungu."

"Ni dogo, mama. Mengine ameyala uliyemlisha mchanga."

"Mvua ikirudi utalima?"

"Sote tutalima. Nitakuletea mimi mwenyewe."

Bi Ndovu hakuuliza dhamana ya dume. Aliamuru vihenge vifunguliwe, na kila mama wa Mbugani akajaziwa tenga jipya mtama mpaka mdomoni, mali kauli, yaani kulipa baadaye, kwa kauli ya Nungu tu. "Ila mwambieni mfalme wenu," alisema wakiondoka, "kuanzia leo tutapokea mzigo kutoka kwenye mkono ulioupakia. Mkono mwingine ukija, tunao mchanga wa kutosha."

Kurudi kulikuwa na uzito, lakini hakuna aliyelalamika. Kanga alipiga kelele njia nzima, na safari hii hakuna aliyemchoma. Fisi alifuata nyuma akijiburuta.

Simba alikuwa ameandaa ngoma ya kumpokea mratibu. Alipoona akina mama na mtama mbele, na Fisi mbali nyuma akifagia ardhi kwa tumbo, ngoma ikasita. Bi Nungu akamfikishia ujumbe wa Bi Ndovu, neno kwa neno, hata lile la mchanga. Simba akafikiri kwa muda mrefu, mpaka akapata namna ya kufikiri bila kukosea.

"Hivyo ndivyo nilivyotaka tangu mwanzo," alisema. "Kila mama avuke na mzigo wake. Mradi umefanikiwa."

Wanyama wakapiga makofi. Sungura akapiga zaidi ya wote, akasogea karibu na Bi Nungu na kumwambia kwamba yeye kila siku alikuwa akisema mazuri yawekwe chini, na kwamba yuko tayari kuwaandalia akina mama semina juu ya jambo hilo. Bi Nungu akamtwika tenga la mtama la Kindi, ambaye ni mdogo. Sungura akalibeba mpaka nyumbani. Hakuna mjanja aliyekwepa tenga akiwa amezungukwa na miiba.

Watoto wa Bi Nungu walikuwa wanangoja mlangoni mwa shimo. Aliwagombeza kwa kuwa wachafu, akawapikia uji, akawatazama wakinywa mpaka masufuria yakang'aa. Alipotoka kumwaga maji machafu alimkuta Fisi amejilaza karibu na kichuguu, anagugumia.

"Bi Nungu," alisema Fisi, "wewe ulijua kwamba ndovu wanapindua matenga. Ulijua tangu siku ya semina. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilinyoosha mkono, bwana, ukasema maswali mwishoni." Bi Nungu akaikung'uta sufuria. "Sasa ndio mwisho wa mradi. Una swali?"

Fisi akajiburuta kurudi pangoni kwake.

Mimi nimeishia hapa kivukoni. Mwenye mzigo wake avuke, na mwenye tamaa akumbuke kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.